Skeitibodi ya mashindano Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wazazi, walimu wa michezo, maafisa na vijana wa mikoa ya Kusini wanaouliza kama ubao wa magurudumu unaweza kuwa mchezo wa mashindano huku kwetu. Msimamo wetu tunausema mapema ili usipoteze muda: tusianze kwa kuomba uwanja wa zege. Tuanze na sakafu zilizopo, waamuzi wanaojua kazi, klabu iliyosajiliwa na kalenda isiyogongana na korosho. Ukisoma hadi chini utaona kwa nini.

Huu ni mchezo kweli, au ni watoto wa mjini wanaozurura?

Ni mchezo wa Olimpiki. Uliingia Tokyo, kwenye michezo ya 2020 iliyosogezwa hadi 2021 kwa sababu ya korona, ukarudi Paris 2024, na umo kwenye programu ya Los Angeles 2028. Shirikisho linalousimamia duniani linaitwa World Skate. Kule Tokyo, dhahabu ya wanawake katika skeiti ya mtaani ilichukuliwa na Momiji Nishiya wa Japani akiwa na miaka 13. Aliyepata fedha, Rayssa Leal wa Brazil, naye alikuwa na miaka 13. Mzazi anayemwambia mtoto wa darasa la sita asubiri akue kwanza ajue kwamba wenzake duniani hawasubiri.

Wazururaji wapo, kama walivyo kwenye mpira wa miguu. Ratiba ya mazoezi na mtu mzima anayesimamia ndivyo vinavyowapunguza.

Wanashindana vipi? Mimi naona wanaruka na kuanguka tu.

Olimpiki ina aina mbili. Ya mtaani huchezwa kwenye uwanja unaoiga vitu vya mjini: ngazi, reli za kushikia, kingo za mabenchi, miteremko mifupi. Ya bakuli huchezwa ndani ya mabonde ya zege yenye kuta zilizopinda; mchezaji hushuka ukuta mmoja, akapanda wa pili, akaruka juu ya ukingo na kurudi.

Mtaani, kule Paris, kila mchezaji alipewa mizunguko miwili ya sekunde 45, kisha majaribio matano ya mtindo mmoja mmoja. Kilichohesabiwa ni mzunguko wake bora pamoja na mitindo yake miwili bora, kila kimoja kikiwa na alama hadi 100. Ndiyo maana mashindano haya huweza kugeuka dakika ya mwisho kabisa. Fainali ya wanaume, Yuto Horigome wa Japani alikuwa nyuma hadi jaribio lake la mwisho. Akatua, akapewa 97.08, jumla 281.14. Jagger Eaton wa Marekani akabaki na 281.04. Dhahabu na fedha zilitenganishwa na sehemu moja ya kumi ya alama.

Kwenye bakuli ni mizunguko mitatu ya sekunde 45, na unahesabiwa ule mmoja uliofanya vizuri zaidi.

Waamuzi wanatazama ugumu wa mtindo, aina mbalimbali za mitindo, usafi wa kutua, namna mchezaji anavyoutumia uwanja wote, na mtiririko wake toka mwanzo hadi mwisho. Anayerudia mtindo uleule hafaidiki. Anayegusa chini kwa mkono wakati wa kutua anapungukiwa. Ukijua hayo, utaona kwamba yule anayeshangiliwa sana na watazamaji mara nyingine siye aliyeongoza, na utamwelewa mwamuzi.

Kwetu sisi aina ya kuanza nayo ni ya mtaani. Bakuli linataka mafundi waliobobea. Reli inataka mchomeleaji na futi chache za bomba.

Afrika imefika wapi?

Afrika Kusini ndiyo iko mbele. Tokyo walikwenda, miongoni mwa wengine, Brandon Valjalo na Boipelo Awuah kwa upande wa mtaani na Dallas Oberholzer kwa upande wa bakuli. Huyu Oberholzer alikuwa na miaka 46 wakati huo, na Paris akarudi akiwa na 49.

Karibu na sisi, Kampala wana uwanja wa Kitintale, ambao vijana wa mtaa walianza kuujenga kwa mikono yao katikati ya miaka ya 2000. Nairobi kuna uwanja ndani ya kituo cha watoto cha Shangilia, eneo la Kangemi. Addis Ababa walipata wao 2016, Accra 2021. Halafu kuna Dakar 2026, Olimpiki ya Vijana, michezo ya kwanza ya Olimpiki kupangwa kufanyika katika ardhi ya Afrika, na skeiti ya mtaani imo kwenye orodha ya mashindano yake.

Kitintale inaonekana kupingana na msimamo wetu, maana wao walianza na zege. Lakini tazama walichokuwa nacho: kundi la vijana waliokwisha kuamua kucheza, na zege dogo lililomwagwa na haohao. Hawakuanza na jiwe la msingi na mgeni rasmi.

Kwa nini Mtwara na Lindi? Watu na pesa viko Dar.

Dar ina watu, na ina foleni. Mtwara mjini ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kuwa bandari ya ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza. Mradi ulikufa mapema, karanga hazikuja, lakini mitaa mipana na viwanja vikubwa vya wazi vilibaki. Mji una nafasi ambayo Kariakoo hawataipata tena.

Saruji inatengenezwa hapahapa: kiwanda cha Dangote kipo nje kidogo ya mji, na mfuko wake hausafiri mbali kabla ya kutufikia. VETA ipo Mtwara na ipo Lindi, na zote zinatoa mafundi wa kuchomelea. Tena mkoa umeshazoea kupokea wageni wa michezo. UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, zilifanyika Mtwara 2019 na 2021, watoto wa nchi nzima wakalala, wakala, wakashindana. Anayesema Kusini hatuna uwezo wa kuandaa mashindano amesahau mapema.

Kinachotukwamisha ni mchanga, chumvi ya bahari na umbali baina ya miji yetu. Hayo yana majibu yake hapo chini.

Uwanja hakuna. Tunacheza wapi?

Kwanza viwanja vya mpira wa kikapu na pete vya shule na vyuo, vile vyenye sakafu ya zege. Omba kwa barua, kupitia kwa mwalimu wa michezo, na useme saa. Mkuu wa shule anaogopa jambo lisilo na mwisho kuliko anavyoogopa ubao. Pili, kumbi na mabaraza yenye sakafu ngumu. Tatu, na hili wengi hawalifikirii, maghala ya korosho.

Ghala la chama cha msingi lina sakafu pana, tambarare, iliyojengwa kubeba mizigo, na lina paa. Kuanzia Oktoba limejaa magunia na hakuna mazungumzo. Lakini minada ikiisha, kuna miezi linabaki tupu, na miezi ya mvua, ambayo nje hakuchezeki, huangukia humo. Zungumzeni na bodi ya chama hicho, AMCOS yenu, andikianeni, tajeni nani atafagia na nani atalipa kikivunjika kitu. Onyo moja zito: ghala lililohifadhiwa salfa ya mikorosho msicheze ndani yake mpaka lioshwe. Vumbi la salfa linachoma macho na kifua, na magurudumu hulitimua lote juu.

Nitajuaje sakafu inafaa?

Usipande ubao kwanza. Uweke chini, usukume kwa mkono, uache uende. Ukitoa sauti moja nyembamba hadi unaposimama wenyewe, sakafu iko vizuri. Ukitetemeka na kupinda njia, fuata mstari wake ukiwa umeinama: utakuta kokoto zimetokeza, au mwanya baina ya vipande vya zege ambao kidole kinaingia. Mwanya mdogo unazibika kwa mchanganyiko wa saruji. Sakafu iliyochanika kila hatua iachwe.

Halafu fagia, ufagie tena. Punje ya mchanga wa pwani ikikaa mbele ya gurudumu gumu, gurudumu linasimama na mwenye ubao anaendelea na safari. Kusi likivuma, kati ya Mei na Agosti, Shangani na Mikindani sakafu iliyofagiwa saa tisa huwa na mchanga tena saa kumi. Ufagio ni kifaa cha mchezo huu kama ulivyo ubao. Klabu inunue mifagio mizuri ya nyuzi ngumu.

Jihadharini na sakafu za niru. Zinang'aa na zinapendeza kwenye picha, ila zikipata vumbi huteleza, na ule utando wa juu ukianza kubanduka hauponi.

Barabarani je?

Hapana. Malori ya saruji na ya korosho hayana breki za kumsubiri mtoto. Na vijana wa Newala tunawajua: ile miteremko ya kushuka kutoka juu ya uwanda inatamanisha, lakini hiyo ni aina nyingine ya mchezo, yenye mavazi yake na barabara zilizofungwa. Msijaribu.

Tukipata mfadhili wa zege, mtakataa?

Hatutakataa. Tutamwomba asubiri mpaka klabu iwe imemaliza msimu mmoja, kisha tutaomba sakafu tambarare kabla ya kitu chochote chenye mikunjo. Uwanja wa mikunjo uliojengwa vibaya haurekebishiki, unabomolewa. Sakafu tambarare hata mchezo huu ukifa itachezewa pete.

Hesabu yake si ya kutisha. Sakafu ya mita 10 kwa 15, unene sentimita 10, ni mita za ujazo 15 za zege. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, hiyo ni karibu mifuko 100 ya saruji ya kilo 50. Kazi iko kwenye umakini. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi inakula nondo zilizo ndani. Mteremko uwe mdogo sana, kama sentimita moja kwa kila mita, maji ya masika yasituame. Mikato ya kuzuia nyufa iwekwe kila mita tatu hivi, iwe myembamba, halafu ijazwe. Kisha zege limwagiliwe maji siku 7 kwa uchache. Hapa ndipo miradi mingi inapokufa, kwa sababu mafundi wameshalipwa na kila mtu anataka kukanyaga. Mtu mmoja apewe ndoo na posho yake, kazi yake iwe hiyo tu.

Vikwazo viwe vya kuhamishika: reli ya bomba la mraba lililochomelewa miguu mipana, benchi la mbao nzito lenye chuma cha pembe kwenye ukingo, rampu fupi ya mbao. Vichomelewe, vipakwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili, vihifadhiwe ndani. Ukingo wa benchi unapakwa mshumaa wa kawaida wa dukani ili ubao uteleze.

Ubao unapatikana wapi? Fundi seremala wetu hawezi kuuchonga?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na haki yake, kwa sababu Kusini ndiko kwenye wachongaji. Mmakonde anayetoa familia nzima ndani ya gogo la mpingo hashindwi na kipande cha ubao. Tatizo ni mbao zenyewe. Ubao wa mashindano hauchongwi kwenye pande moja la mti. Ni tabaka saba nyembamba za mti uitwao mepo, unaokua Amerika Kaskazini, zilizogandishwa kwa gundi huku nyuzi za baadhi zikipishana na za nyingine, halafu zikabanwa kwenye kalibu hadi zipate mkunjo mbele, nyuma na pembeni. Tabaka hizo ndizo zinazoufanya ubao upinde kidogo mtu akitua na kurudi bila kukatika. Mninga ni mgumu na mzuri, lakini pande moja la mninga la unene huo ni zito, na likipasuka linapasuka lote kwa kufuata nyuzi. Plaiwudi ya kawaida ya dukani inabanduka tabaka baada ya wiki chache za kuruka.

Kwa hiyo: seremala wetu atengeneze mbao za wanaoanza, za kujifunza kusimama, kusukuma na kukata kona, kwa plaiwudi nzuri na gundi isiyopenya maji. Ni kazi halali na ataipata pesa. Kuruka kukianza, mtoto ahamie ubao wa tabaka saba. Ekseli na magurudumu ya poliurethani hatuwezi kuyatengeneza, yanaagizwa. Agizeni kwa pamoja kama klabu, si kila mzazi kivyake, na muulizeni wakala wa forodha gharama zote kabla ya kulipa.

Vipimo: upana wa kawaida wa mtu mzima ni kama inchi 8, mtoto mdogo inchi 7 na nusu au chini ya hapo. Kwa sakafu laini, magurudumu ya milimita 52 hadi 54 yenye ugumu wa 99A au zaidi. Kwa viwanja vyetu vingi vyenye kokoto, anzeni na magurudumu makubwa na laini, milimita 56 kwenda juu, ugumu wa 78A hadi 85A. Hayaruki vizuri lakini yanapita.

Msinunue zile mbao za plastiki za dukani zenye picha za katuni. Ni toy. Ekseli yake hupinda mtoto wa kilo 40 akitua mara moja, na mtoto huishia kuamini kwamba yeye ndiye hawezi.

Beringi zinakufa kila mwezi. Tufanyeje?

Bahari hiyo. Beringi za skeitibodi ni saizi 608, ileile ya mashine nyingi ndogo: tundu milimita 8, upana wa nje 22, unene 7. Waulize wauza beringi wa mjini kwa namba hiyo, utashangaa zipo, na ni rahisi kuliko zenye jina la skeiti.

Za zamani zioshwe. Toa gurudumu, bandua kifuniko cha beringi kwa ncha ya pini bila kukipinda, loweka kwenye petroli kidogo nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara, zungusha kwa kidole mpaka ule mkwaruzo wa mchanga uishe, kausha juani, weka tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Tone, si kumimina: mafuta mengi yanashika vumbi. Usiku ubao usilale barazani.

Mwanangu ataumia?

Ataanguka, kila siku. Kuumia vibaya kunapunguzika. Viungo vinavyoumia zaidi ni kifundo cha mkono, maana anayeanguka hutanguliza viganja, na kifundo cha mguu. Kichwa huumia mara chache, lakini hakina mzaha. Wiki mbili za kwanza klabu nzuri haifundishi kuruka, inafundisha kuanguka: kukunja viwiko, kutanguliza bega, kujiviringisha. Mtoto wa ufukweni aliyezoea kupiga sarakasi mchangani anaelewa siku hiyohiyo.

Helmeti ni lazima kwa kila aliye chini ya miaka 18 katika mazoezi yetu. Ya bodaboda haifai, ni nzito na inaziba masikio. Vikinga viganja na magoti kwa wanaoanza. Msimamizi awe na namba ya usafiri wa kwenda hospitali ya Ligula, au Sokoine kwa walio Lindi, kabla mazoezi hayajaanza.

Binti yangu anavaa hijabu. Inaruhusiwa?

Kwetu inaruhusiwa bila mjadala: hijabu ya michezo iliyobana chini ya helmeti, suruali pana isiyoburuza, fulana ya mikono mirefu. Tahadhari ni moja, hakuna kitu kining'inie kikaingia kwenye magurudumu, na hiyo inahusu pia kamba za viatu za wavulana. Mazoezi ya wasichana yaishe kabla ya magharibi, na awepo mama au dada mkubwa anayesimamia. Tukiwa na wasichana wawili tu, tunawapa kundi lao na zawadi yao kama wavulana. Hatuwaambii wasubiri wafike kumi.

Na nyie mnaosema mchezo huu unahitaji mwili wa kiume, nendeni mkatazame wanawake wakicheza sindimba. Magoti yaliyokunjwa, kiuno huru, uzito chini: hapo kocha hana cha kuongeza.

Utaingia lini UMISSETA?

Hautaingia kwa kuomba. Michezo huingia pale ambapo mikoa kadhaa tayari ina timu na walimu wanaojua sheria. Hatua ya karibu ni mchezo wa maonyesho siku ya ufunguzi wa mashindano ya wilaya, dakika 15, sakafu ya mbao iliyotandikwa. Walimu wakuu wakiona nidhamu, mlango umefunguka nusu. Tamasha la MaKuYa, ambalo huwaleta pamoja Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa ngoma zao, nalo ni jukwaa zuri la kuonyesha.

Klabu inasajiliwa wapi?

Anza kwa Afisa Michezo wa halmashauri yako. Atataka katiba ya klabu, muhtasari wa kikao cha kuianzisha na majina ya wanachama na viongozi; yeye ndiye anakuongoza hadi kwa msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, BMT, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 1967. Katiba isiwe ya kurasa 30 zilizonakiliwa kutoka klabu ya mpira. Iseme nani anashika fedha, nani anashika vifaa, kiongozi anaondolewaje. Haya matatu ndiyo yanayovunja klabu.

Bila usajili mchezaji wako atabaki bingwa wa mtaa. Mashindano ya World Skate hupitia kwa chama cha taifa kinachotambuliwa, na chama cha taifa hakiwezi kusimama bila vyama vya mikoa, ambavyo haviwezi kusimama bila klabu.

Pesa zitoke wapi? Ile asilimia 10 ya halmashauri je?

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni mkopo, unarudishwa. Usikope kuandaa mashindano, mashindano hayarudishi. Kikundi cha vijana kinaweza kukopa kwa karakana ya kuchomelea na useremala inayotengeneza madawati, mageti na, miongoni mwa hayo, reli na rampu. Hapo kuna biashara.

Kwa mashindano yenyewe, tafuteni vitu badala ya fedha. Kiwanda kinatoa saruji kwa urahisi kuliko hundi. Mwenye duka atatoa maji na juisi. Na mjue kwamba miaka hii macho ya wafadhili yako kwenye AFCON 2027, ambayo Tanzania inaandaa na Kenya na Uganda, kwa hiyo barua ya skeitibodi itasomwa mwisho. Andikeni fupi.

Mashindano ya kwanza tuyaandaeje?

Madogo. Wachezaji wanane wanatosha. Andaeni sehemu mbili.

Ya kwanza ni mchezo wa herufi. Wachezaji wawili, bila vikwazo: mmoja anafanya mtindo, mwenzake lazima aurudie. Akishindwa anapewa herufi. Duniani wanatumia neno la herufi tano, nasi tunalo letu, LINDI. Anayelimaliza neno ametoka. Haihitaji waamuzi wengi na watazamaji wanaelewa ndani ya dakika moja, wanaanza kupiga kelele za herufi wenyewe. Watu wa Mtwara wakitaka jina lao waongeze herufi, mchezo utakuwa mrefu.

Ya pili ni mizunguko: sekunde 45, mara mbili, reli moja na benchi moja, waamuzi watatu. Hapa ndipo tunaposisitiza. Waamuzi wafundishwe mwezi mzima kabla, kwa kutazama video za fainali za Olimpiki sauti ikiwa imezimwa, kila mmoja akiandika alama zake kwenye karatasi, kisha kuzilinganisha na kubishana. Wakianza kukaribiana, wako tayari. Mwamuzi asiwe na mdogo wake uwanjani. Alama zibandikwe ukutani papo hapo, na simu moja irekodi kila mzunguko ili malalamiko yajibiwe kwa picha. Watoto wataendelea na mchezo usio na uwanja, lakini hawataendelea na mchezo walioona wameibiwa.

Lindi na Mtwara ziko zaidi ya kilomita 100 mbalimbali, na Masasi na Nachingwea ziko ndani zaidi. Kwa mashindano ya pamoja tunapendekeza Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Masasi na Mtwara, kwa kuwa kila basi linapita hapo na nauli inagawanyika kwa haki. Panahitajika sakafu ya shule iliyo karibu.

Yafanyike mwezi gani?

Julai hadi Septemba. Mvua zetu ni kati ya Desemba na Aprili. Juni ni ya michezo ya shule. Oktoba korosho zinaanza, na kuanzia hapo kijana yuko shambani au anasubiri malipo. Ramadhani ikae mbali na ratiba, na jando na unyago hufuata likizo, kwa hiyo ulizeni wazee kabla ya kuchapisha tangazo. Jumamosi asubuhi watoto wako madrasa, Jumapili asubuhi wengine wako kanisani. Inabaki Jumapili saa tisa alasiri, ambapo hata zege limeanza kupoa.

Mtoto wa Kusini atafika Olimpiki lini?

Anayeanza leo hatakwenda Los Angeles 2028, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Mabingwa wale wa miaka 13 walikuwa na ubao toka wakiwa wadogo sana, na uwanja wa kuchezea kila siku. Lengo la kweli la miaka michache ijayo ni hili: wachezaji wawili au watatu wenye kiwango cha kushindana Kampala na Nairobi bila kuaibika, na mwamuzi mmoja anayealikwa nje ya mkoa. Mwamuzi anaweza kutangulia kufika kabla ya mchezaji.

Wenye viatu vya magurudumu wanaruhusiwa?

Karibuni, tena World Skate ni shirikisho lenu pia. Ila saa zenu ziwe tofauti na za mbao, mkichanganyika mnagongana.

Nina miaka zaidi ya 30. Nimechelewa?

Paris 2024, kwenye bakuli, Zheng Haohao wa China alishindana akiwa na miaka 11, na Andy Macdonald wa Uingereza akiwa na 51. Njoo na viatu vya soli bapa, si raba za kukimbilia, na usiogope watoto kukucheka wiki ya kwanza. Tunahitaji pia watu wazima wa kushika saa, kufagia na kupiga hesabu za alama, kwa hiyo hata goti likigoma kazi ipo.